Huyu Mmoja Ameuawa na Nani?

Ziko riwaya za namna moja ambazo nimezisoma kwa miaka mingi, na kila nimalizapo moja huitafuta nyingine. Ni riwaya za upelelezi zinazosimulia zama za kale, hasa zama zile ambazo dini ilikuwa ikitikisika. Madhehebu yamegawanyika, fundisho la jana limekuwa kosa la leo, na watu wanachomwa moto hadharani kwa ajili ya neno moja walilolisema juu ya mkate wa sakramenti. Katikati ya moto huo mwandishi humlaza maiti mmoja. Kisha humleta mtu mwenye udadisi na subira, naye hupewa kazi moja tu ya kuuliza: huyu ameuawa na nani?

Mtu akilitazama jambo hili kwa haraka ataliona kama mzaha. Pale ambapo wafalme na maaskofu wanaua watu kwa mamia, na kila kifo kina hati na muhuri wake, maiti mmoja wa kubuni ana uzito gani? Si afadhali mwandishi atusimulie wale mamia? Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, huniambia kwamba riwaya hizi ni sawa na mtu anayetafuta sindano iliyopotea ndani ya nyumba inayoungua. Maneno yake yana ladha, lakini sikubaliani naye, na insha hii ni jibu langu kwake.

Mimi si mtaalamu wa fasihi wala wa historia. Nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa majalada: kuyafungua, kuyapa namba, kuandika vielelezo, kuita mashahidi, na kuyarudisha kabatini kesi zikiisha. Mtu wa kazi hiyo huzisoma riwaya za upelelezi kwa jicho lake mwenyewe. Halafu kizazi chetu kililelewa na Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi, maiti anakutwa mahali pa mzimu, mahali ambapo wenyeji wanapaheshimu na kupaogopa. Panapotajwa mzimu watu hunyamaza. Bwana Msa hakunyamaza. Yeye alimwona mtu aliyeuawa na mtu. Nilipokuja kusoma vitabu vya Ulaya vya aina hii, nilihisi kwamba mlango huo nilikwisha kuupitia.

Kitabu ambacho wengi hukitaja kwanza ni kile cha Mwitaliano Umberto Eco, kiitwacho Jina la Waridi, kilichotoka kwa Kiitaliano mwaka 1980. Kisa chake kinatokea mwishoni mwa Novemba 1327, ndani ya abasia moja ya Wabenedikto katika milima ya kaskazini mwa Italia, kwa muda wa siku saba. Wakati huo Papa Yohane wa Ishirini na Mbili hakuwa Roma. Alikuwa Avignon, akigombana na Louis wa Bavaria juu ya nani mkubwa, mwenye taji au mwenye funguo. Kulikuwa na ugomvi mwingine ambao kwa masikio ya leo unashangaza: je, Yesu na mitume wake walikuwa na mali? Wafransisko wengi walisema kwamba hawakuwa na chochote. Papa aliona hatari katika maneno hayo, maana Kanisa lake lilikuwa na mali tele, na mwaka 1323 alitangaza kwamba kulishikilia fundisho hilo ni uzushi. Tayari mwaka 1318 Wafransisko wanne walikuwa wamechomwa moto huko Marseille kwa kukataa kutii katika mambo ya umaskini. Huo haukuwa ugomvi wa maneno matupu.

Ndani ya abasia hiyo watawa wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Wenzao, kwa kuwa ni watu wa Maandiko, wanaanza kuona katika vifo hivyo baragumu saba za Ufunuo wa Yohana. Eco analeta wapelelezi wawili, na hapo ndipo penye kiini cha kitabu chake. Wa kwanza ni William of Baskerville, Mfransisko wa kubuni, anayechunguza nyayo kwenye theluji na rangi ya vidole vya marehemu. Wa pili ni Bernard Gui, na huyu hakubuniwa. Alikuwa mchunguzi wa uzushi katika nchi za Toulouse na alifariki mwaka 1331. Katika riwaya Gui anafika na askari, anamkuta mtawa ambaye ujanani alifuata kundi la wazushi, anamtisha mpaka anakiri kila kitu, hata mauaji asiyoyatenda. Kesi imekwisha. Kesho yake, watuhumiwa wakiwa bado wamefungwa, mtawa mwingine anaanguka na kufa.

Sitamtaja mwuaji, kwa kuwa huenda msomaji wangu hajakisoma kitabu hicho. Nataka tu aone tofauti ya watu hawa wawili. Gui anaanza na jina la kosa, kisha anatafuta mtu wa kulivaa. William anaanza na maiti. Gui hamhitaji marehemu. Marehemu kwake ni ngazi ya kumfikisha kwa wazushi aliokuwa akiwawinda tangu zamani. Nimekaa mahakamani miaka mingi, na naweza kusema kwamba kila mahali duniani wapelelezi ni wa aina hizo mbili.

Mwandishi wa pili ninayemthamini, na kwa kweli ninayempenda zaidi, ni Mwingereza C. J. Sansom. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya historia, akafanya kazi ya uwakili kabla ya kuanza kuandika riwaya, na mambo yote mawili yanaonekana. Kitabu chake cha kwanza cha aina hii, Dissolution, kilitoka mwaka 2003, na cha saba, Tombland, mwaka 2018. Alifariki tarehe 27 Aprili 2024, siku nne tu kabla ya filamu ya mfululizo iliyotokana na kitabu chake cha kwanza kuanza kuonyeshwa. Mpelelezi wake ni Matthew Shardlake, mwanasheria wa London mwenye kibiongo. Watoto humzomea njiani, na watu wazima wengine hutema mate wakiamini kwamba kukutana naye ni mkosi.

Ili kumwelewa Shardlake ni lazima tukumbuke yaliyokuwa yakitokea Uingereza. Mwaka 1534 Mfalme Henry wa Nane alijitangaza kwa sheria kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza badala ya Papa. Mwaka uliofuata alimkata kichwa Askofu John Fisher mwezi Juni, na aliyekuwa waziri wake mkuu, Thomas More, mwezi Julai, kwa kuwa hawakukubali kuapa. Mwaka 1536 ikatoka sheria ya kuzifunga monasteri ndogo, zile ambazo mapato yake hayakufika pauni 200 kwa mwaka. Watu wa kaskazini waliasi, wakashindwa, na kiongozi wao Robert Aske akanyongwa huko York mwaka 1537. Kufikia mwaka 1540 nyumba za kitawa karibu 800 zilikuwa zimefungwa zote. Risasi iliyoezeka mapaa ikabanduliwa, kengele zikayeyushwa, mashamba yakauzwa. Aliyeisimamia kazi yote hiyo alikuwa Thomas Cromwell, mtoto wa mhunzi aliyepanda mpaka akawa mkono wa kulia wa mfalme.

Shardlake wa mwaka 1537 anamwamini Cromwell. Anaamini kwamba matengenezo ya Kanisa yataleta haki kwa maskini na Biblia kwa kila mtu. Anatumwa kwenye monasteri ya kubuni iitwayo Scarnsea, katika pwani ya kusini, ambako mjumbe wa Cromwell amekutwa jikoni amekatwa kichwa. Anafika akiwa tayari kuwachukia watawa. Anawakuta wavivu na wala rushwa, naam, lakini anamkuta pia Ndugu Guy, mganga wa monasteri, mtu mweusi wa asili ya Wamoro wa Hispania, mwenye huruma na elimu. Kisha, akiifuata njia ya muuaji, anajikuta anarudi London, kwenye kesi iliyomfikisha Malkia Anne Boleyn kwenye upanga mwezi Mei 1536 pamoja na watu waliodaiwa kuwa wapenzi wake. Anagundua kwamba bwana wake Cromwell alijua vizuri jinsi ushahidi ule ulivyopatikana. Huko ndiko uchunguzi wa kifo kimoja ulikompeleka: alitumwa kulitazama jikoni la wapinzani, akaiona sebule ya watu wake mwenyewe. La kuvunda halina ubani.

Kitabu cha pili kinasimulia kiangazi cha mwaka 1540, Cromwell alipoanguka. Historia yenyewe ya siku zile inatisha kuliko riwaya. Tarehe 28 Julai Cromwell alikatwa kichwa, na siku hiyohiyo mfalme akaoa mke wake wa tano. Siku mbili baadaye, tarehe 30 Julai, watu sita walikokotwa na farasi kupelekwa uwanja wa Smithfield. Watatu, Robert Barnes, Thomas Garret na William Jerome, walichomwa moto kama wazushi, kwa kuwa walihubiri mambo ya Waprotestanti. Watatu, Thomas Abel, Richard Featherstone na Edward Powell, walinyongwa na kukatwa vipande kama wahaini, kwa kuwa walikuwa Wakatoliki wasiomkubali mfalme kuwa mkuu wa Kanisa. Walifungwa wawili wawili juu ya vitanda vya fito, Mprotestanti ubavuni mwa Mkatoliki. Hakuna hata mmoja aliyepewa nafasi ya kujitetea mbele ya mahakama. Bunge lilipitisha sheria tu ya kuwahukumu.

Nimeyafikiria sana yale machela ya fito. Watu wawili ambao kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mpotevu, wamelala bega kwa bega, vichwa vikigonga mawe yaleyale ya njia. Kila mmoja wao alikufa chini ya jina: mzushi, mhaini. Na jina hilo ndilo lililowawezesha waliosimama kando ya njia kurudi nyumbani kula chakula cha mchana.

Sasa namrudia rafiki yangu mwalimu. Dini inapotikisika, jambo la kwanza kubadilika ni maneno. Neno kuua hutoweka. Badala yake watu husema kusafisha, kuadhibu, kung'oa magugu, kutimiza mapenzi ya Mungu. Mtu hufa na hakuna aliyemwua. Ndiyo maana mwandishi wa riwaya hawezi kuanza na wale sita wa Smithfield: kifo chao tayari kina maelezo, na maelezo yenyewe ndiyo yanayotuziba macho. Huanza na maiti asiye na maelezo, jikoni au kisimani. Juu ya maiti huyo pande zote mbili bado zinakubaliana kwamba ameuawa, kwamba ni dhambi, na kwamba lazima muuaji apatikane. Msomaji naye anakubali, anashika mkono wa mpelelezi na kumfuata. Wakiisha kuzoea kuuliza saa ngapi, kwa kisu gani, na nani alifaidika, wanafika Smithfield na swali lao lingali mdomoni. Hapo ndipo linapoanza kuwaunguza wakubwa. Mtu aliyejifunza kuuliza juu ya mmoja hawezi kunyamazishwa tena juu ya mamia.

Niliyajua haya kabla ya kuyasoma. Juu ya jalada la kesi ya mauaji huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Jina la serikali lipo, jina la mshtakiwa lipo. Jina la marehemu halipo juu ya jalada. Sharti ufungue, upite hati ya mashtaka, ndipo ulikute. Kwa sheria kuna sababu nzuri za utaratibu huo, nami siulaumu. Lakini katika miaka ya 1980 lilipita mezani kwangu jalada la bikizee mmoja aliyekatwa mapanga usiku nyumbani kwake, katika nchi ambayo wazee wa kike wenye macho mekundu walikuwa wakidhaniwa kuwa wachawi. Niliandika vielelezo kwa mkono wangu: koroboi moja, kipande cha kanga, katambuga moja ya mguu wa kushoto. Mashahidi waliitwa. Kila aliyeulizwa juu ya usiku ule alijibu kwamba hakuona wala hakusikia, ingawa nyumba zilikuwa karibu. Kila aliyeulizwa juu ya marehemu alikuwa na mengi ya kusema: ng'ombe wa nani walikufa, mtoto wa nani aliugua. Kesi ikaishia njiani kwa ukosefu wa ushahidi. Nililirudisha jalada kabatini nikiwa nimemjua bikizee yule kwa makosa yote aliyosingiziwa, wala sikujua alikuwa akipenda kula nini, au alikuwa akiimba wimbo gani akitwanga.

Imani ya watu ilikuwa imemshtaki marehemu na kumtia hatiani, na kwa hiyo muuaji hakuhitaji wakili. Mambo ya namna hiyo ni ya kale sana. London yenyewe ina kisa kimoja cha kweli ambacho kinapita riwaya zote nilizozitaja.

Richard Hunne alikuwa mfanyabiashara na fundi cherehani wa London, mtu mwenye heshima. Mwaka 1511 mtoto wake mchanga alifariki. Padri wa parokia alidai apewe nguo ya mtoto kuwa ada ya maziko, kama ilivyokuwa desturi. Hunne akakataa. Padri akamshtaki katika mahakama ya Kanisa na kushinda. Hunne, badala ya kulipa na kunyamaza, akafungua kesi katika mahakama ya mfalme, akidai kwamba mahakama ya Kanisa imejitwalia mamlaka yasiyo yake. Hapo nguo ya mtoto mchanga ikageuka kuwa ugomvi wa mamlaka mbili. Mwaka 1514 Hunne alikamatwa kwa kosa la uzushi na kufungwa katika mnara uliokuwa gereza la askofu, kwenye kanisa la Mtakatifu Paulo. Asubuhi ya tarehe 4 Desemba 1514 alikutwa amekufa, ananing'inia kwa mshipi wake wa hariri. Walinzi wake wakasema amejinyonga.

Kwa sheria ya Uingereza kifo cha namna hiyo kilipaswa kuchunguzwa na baraza la raia wa kawaida, watu ambao sisi tungewalinganisha na wazee wa baraza. Walipanda mnarani wakatazama, na taarifa yao ilihifadhiwa. Kofia ya marehemu ilikuwa imekaa sawasawa kichwani, nywele zimechanwa, macho na mdomo vimefumbwa vizuri. Mtu aliyejinyonga huwa hivyo? Ngozi ya shingo ilikuwa imechubuliwa na kitu kigumu kuliko hariri. Pembeni mwa chumba palikuwa na damu nyingi. Ndani ya upindo wa koti lake mlikuwa na bonge la damu, na koti limekunjwa juu yake. Wao wakasema kwamba mtu aliyekwisha kunyongwa hawezi kujikunjia koti. Mshumaa ulikuwa umezimwa mbali na pale aliponing'inia. Nani aliuzima? Wakahitimisha kwamba Hunne hakujiua, ila aliuawa, na wakawataja watu watatu, wa kwanza wao akiwa William Horsey, afisa mkuu wa sheria wa askofu.

Wakati uchunguzi huo ukiendelea, upande wa askofu ulifanya jambo la ajabu. Ulimfungulia mashtaka marehemu. Maiti wa Hunne alihukumiwa kuwa mzushi, na tarehe 20 Desemba akachomwa moto hapo Smithfield. Kama ni mzushi, basi kifo chake si kitu cha kusumbua watu. Horsey na wenzake hawakutiwa hatiani kamwe. Miaka 15 baadaye, mwaka 1529, Thomas More aliandika kwamba Hunne alijiua. Mwaka 1563 John Foxe akamwandika katika kitabu chake kama shahidi wa imani aliyeuawa na makasisi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mpaka leo wanahistoria hawajakubaliana.

Mimi katika kisa hiki nawapenda wale waliopanda mnarani. Hawakuwa watakatifu. Walikuwa raia wa mji uliokuwa umechoshwa na ada za makasisi, na huenda chuki hiyo iliwasukuma. Lakini waliuliza juu ya mshumaa. Miaka mitatu kabla Martin Luther hajaanza ugomvi wake na Roma mwaka 1517, ngazi za mnara ule zilipandwa na akina William of Baskerville wa nyama na damu, nao walimtazama marehemu kabla ya kutazama jina alilopewa.

Kuna na jambo jingine ambalo kama karani siwezi kuliacha. Mwezi Septemba 1538, huyuhuyu Thomas Cromwell aliyezifunga monasteri na kuwapeleka watu kwenye upanga, alitoa amri kwamba kila parokia ya Uingereza iwe na daftari. Kila Jumapili padri aandike wote waliobatizwa, waliooana na waliozikwa wiki hiyo, na daftari likae ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padri na mwingine kwa wazee wa kanisa. Watu waliogopa, wakidhani ni njia mpya ya kuwatoza kodi. Lakini kwa amri hiyo mchunga nguruwe na mfua nguo wa Kiingereza walipata kwa mara ya kwanza haki ya kuandikwa kwa majina yao siku ya kufa, na vitabu vile hutumiwa na watafiti hadi leo. Mtu mmoja aliweza kuwa na mikono miwili ya namna hiyo. Sansom alilielewa hilo, ndiyo sababu Cromwell wake si shetani. Ni mtu anayeamini kwamba jambo jema litakalofuata litalipa gharama ya kifo cha leo.

Riwaya hizi zina kasoro zake. Wapelelezi wake mara nyingi wanafikiri kama watu wa siku zetu: wanashuku miujiza, wanawahurumia wazushi, wanawaheshimu wanawake kuliko wenzao wote. Msomaji anaweza kudanganyika kwamba zamani kulikuwa na wajinga wengi na mwerevu mmoja, na kwamba yeye msomaji angekuwa huyo mwerevu. Kasoro ya pili ni kwamba katika riwaya muuaji hupatikana. Kisa cha Hunne hakina ukurasa wa mwisho, na jalada la yule bikizee pia halina. Hata hivyo waandishi bora wa aina hii wanalijua hilo. Eco anamfanya William afike kwa muuaji kwa kufuata nadharia ambayo haikuwa sahihi. Na Shardlake, kadiri anavyofumbua mafumbo mengi, ndivyo imani yake katika pande zote mbili inavyopungua. Kila kitabu kinamwacha mpweke zaidi.

Wala riwaya hizi hazifundishi kwamba dini ndiyo inayoua. Ndani yake wanaosali kwa moyo safi hukutwa upande huu na upande ule, na wanaoficha wizi wao nyuma ya msalaba vilevile. Kinachoua ni ile haraka ya kumpa mtu jina kabla ya kumtazama. Dini inapotikisika majina huwa mengi na ya bei rahisi; ndiyo maana zama hizo zinawafaa waandishi hawa.

Kitabu cha sita cha Sansom, Lamentation, kinaanzia Smithfield tena, tarehe 16 Julai 1546, siku alipochomwa moto Anne Askew. Huyu ni mtu wa historia. Alikuwa mwanamke wa miaka kama 25 kutoka Lincolnshire, aliyekana kwamba mkate wa sakramenti hugeuka kuwa mwili wa Kristo. Ndani ya ngome ya London alinyooshwa kwenye chombo cha mateso, na wakubwa wawili wa serikali wakikizungusha kwa mikono yao wenyewe, ili awataje wanawake wa nyumba ya kifalme wenye imani kama yake. Hakumtaja hata mmoja. Viungo vyake vilikuwa vimeharibika hata ikabidi abebwe juu ya kiti kupelekwa kwenye nguzo.

Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa ameandika. Aliandika aliyoulizwa, nani aliyemwuliza, na yeye alijibu nini, neno kwa neno, kama karani wa mahakama aketivyo chini ya hakimu. Karatasi zake zikavushwa nje ya Uingereza na kupigwa chapa. Waliomtesa walikuwa na jina lao la kumpa, nalo ni mzushi, na waliliandika katika hati zao. Yeye aliwaandika wao kwa majina yao halisi.